Kumpunguza ndege mabawa Mombasa: lini ukate, lini uache, na mkasi upite wapi

Upepo wa kusi ukishika kasi, swali huanza kupita kutoka baraza hadi baraza: "Kasuku wangu nimkate mabawa au nimwache?" Kwa nyumba nyingi za Mombasa jibu langu ni kumwacha. Kwa nyumba chache ni kumpunguza, tena kidogo, baada ya mambo mengine kutengenezwa. Nitaeleza yote mawili kwa kina, maana anayeshika mkasi bila kujua humuumiza ndege hata kama nia yake ni kumlinda.

Tuelewane kwanza kazi yenyewe ni ipi. Kumpunguza ndege mabawa ni kukata baadhi ya manyoya marefu yaliyo kwenye ncha ya bawa, yale yaliyokwisha komaa. Unyoya uliokomaa hauna damu wala hisia. Kuukata ni sawa na kukata ukucha. Wakati wa kubadilisha manyoya ukifika, ndege hukipukutisha kile kisiki na kuotesha unyoya mpya. Kunyonyoa hakumo katika kazi hii. Kufunga bawa kwa uzi hakumo pia, kwa kuwa uzi hukaza, damu ikakatika na bawa likafa. Na wale wanaokata ncha ya bawa la bata pamoja na mfupa wake ili asiruke maisha, wajue huko ni kumkata mnyama kiungo, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Aliyekatwa bado huruka, ila hawezi kurudi

Wengi hukata kwa kuamini kwamba ndege aliyekatwa hapotei. Cherero, yule kasuku mdogo wa kijani mwenye uso mwekundu, ana uzito wa gramu 50 hivi. Mwili mwepesi namna ile, ukipata upepo chini yake, hauhitaji bawa kamili ili ubebwe.

Jirani mmoja wa Tudor alimtoa cherero wake barazani jioni, yuko kidoleni, kwa imani kwamba amekatwa na hana pa kwenda. Pikipiki ikapiga honi. Ndege akashtuka, akaruka, kusi ikampokea juu ya ukuta. Tulimwona kwenye paa la mabati la nyumba ya tatu akiteleza, mabawa yamefunguka na hayashiki kitu. Wakati ngazi inatafutwa, kunguru wawili walikuwa wameshatua juu ya paa.

Ndege mwenye mabawa kamili angepinda, angepanda juu ya waya za umeme, angekaa kwenye mwarobaini akasikia mbinja ya mwenyewe. Aliyekatwa huanguka pale upepo unapomwachia: barabarani, mtaroni, kwenye ua la watu wenye paka. Na kunguru wa Mombasa si wa kuchezewa. Hawa kunguru wa India wako hapa tangu miaka ya 1940, na wamezidi kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja. Huvunja viota, hula makinda, na ndege anayepapatika chini humwona haraka kuliko wewe.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, hata kabla ya mkasi: ndege aliyekatwa mabawa hatoki nje mkononi. Hutoka akiwa ndani ya tundu lake, au hatoki.

Kuna la pili, na hili linawagusa zaidi wenye kasuku wa kijivu. Ndege huyu ana gramu 400 hadi 500. Nyumba zetu zina sakafu ya saruji, taili au marumaru. Ukimkata sana hashuki, bali hudondoka, na kinachotangulia chini ni mfupa wa kidari. Ngozi pale juu ya mfupa hupasuka, kidonda kikiziba hufunguka tena kila akianguka, na hatimaye ndege huanza kujidonoa. Kuna kasuku walioharibiwa tabia na kitu hiki tu: waliokuwa wakija mkononi wakawa wakali, kwa sababu kiumbe ambaye kinga yake ni kukimbia, akinyimwa kukimbia, hubakiwa na mdomo.

Itengeneze nyumba kwanza

Mara nyingi hatari anayotaka mtu kuizuia kwa mkasi iko kwenye dari au dirishani.

Feni ya dari ndiyo mbaya kuliko zote. Weka amri moja nyumbani na kila mtu aijue: ndege akiwa nje ya tundu, feni imezimwa, feni ikiwaka, ndege yuko ndani. Najua joto la Januari hadi Machi halimwachi mtu akae bila feni adhuhuri. Basi mtoe ndege baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda, na mchana tumia feni ya kusimama yenye kizuizi cha waya wa karibu karibu.

Madirisha yanahitaji wavu, lakini si ule wavu wa plastiki wa mbu. Cherero huutafuna akautoboa upesi. Mwambie fundi wa grili atie wavu wa chuma wenye matundu madogo. Kwa nyumba za Mji wa Kale zenye madirisha ya mbao, kufungua mbao za juu na kufunga za chini hakutoshi, kwa kuwa ndege akishtuka hutafuta mwanga wa juu. Mlango wa mbele tundika pazia zito kwa ndani. Mtu akiingia, pazia humzuia ndege kwa zile sekunde mbili ambazo mlango uko wazi.

Jikoni asiingie kabisa. Karai la mafuta ya bajia na kasuku anayeruka havikai chumba kimoja, na moshi wa sufuria zisizoshika chakula, zikipata moto kupita kiasi, huua ndege kwa muda mfupi. Maadamu tumefika kwenye moshi: ukifukiza udi au ubani, mhamishie ndege chumba kingine na ufungue dirisha. Mapafu yake ni mepesi mno kwa moshi tunaoupenda sisi.

Kisha mfundishe kuja ukimwita. Mfundishe kabla hajala, akiwa na hamu ya chakula. Shika punje ya alizeti au kishada cha mtama, mkono uwe mbali na fito yake kwa shubiri moja, umwite kwa neno moja au mbinja moja isiyobadilika. Akija, mpe na umwachie atafune kwa raha. Siku zinazofuata sogea: dhiraa, pima, kisha upande wa pili wa chumba. Fanya kwa dakika chache na uache angali ana hamu. Ndege anayeijua mbinja yako ana kinga ambayo mkasi hauwezi kumpa.

Nyumba ambayo kukata kunafaa

Mama mmoja wa Majengo, anayefuga kokateli, yule kasuku mdogo mwenye kishungi, aliniambia: "Mwanangu, nina wajukuu tele, mlango haufungwi tangu asubuhi hadi Isha. Pazia wameling'oa mara ngapi. Nifanyeje?"

Nikamwambia, "Mama, kwako wewe tumpunguze kidogo, mpaka hawa watoto wakue wafahamu."

Hiyo ni sababu ya haki. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya wapangaji na ukumbi mmoja ni sababu pia, kwa kuwa huwezi kuwaamuru watu wa vyumba vingine. Ndege anayerukia nyuso za watu na kuuma anaweza kupunguzwa kwa muda huku akifunzwa. Zaidi ya hapo sioni sababu nyingi. "Ili anizoee" si sababu. Ndege huzoea mkono unaomlisha kwa upole. "Dukani kwangu anapendeza akikaa mezani" si sababu hata kidogo.

Usimkate kinda ambaye hajawahi kuruka. Mwache kwanza ajifunze kupaa, kupinda na hasa kutua. Misuli ya kifua hujengeka wakati huo, na ndege aliyekwisha kujua kutua atatua vizuri hata akipunguzwa baadaye. Usimkate mgonjwa, mnene kupita kiasi, anayejinyonyoa, wala aliye katikati ya kubadilisha manyoya. Chiriku na ndege wengine wadogo wa kuwekwa tunduni kwa kutazamwa wasiguswe. Kuruka ndani ya tundu ndiyo mazoezi yao pekee.

Na kabla ya yote, hakikisha unaye ndege kihalali. Kasuku wa kijivu aliwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa 2016, na Kenya kumfuga kunahitaji kibali cha KWS chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Anayeuziwa kasuku kichochoroni bila karatasi ananunua kesi.

Maandalizi

Kama hujawahi kuona kazi hii ikifanywa, mara ya kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo anayeshika ndege, na umwombe akuoneshe hatua kwa hatua. Piga simu uulize kabla ya kwenda, kwani wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi na paka.

Ukiifanya nyumbani, muwe watu wawili: mmoja ashike, mwingine akate. Chagua asubuhi yenye mwanga, feni imezimwa, madirisha yamefungwa. Tayarisha mkasi mkali wa ncha butu, konflawa kwenye kisahani, na pamba. Kwa kumfungia, leso kuukuu ni bora kuliko taulo: taulo lina vitanzi vya nyuzi vinavyonasa kucha, na lina joto. Kasuku wa kijivu, kwa sababu ya mdomo wake, anahitaji kitambaa kizito zaidi, lakini kisiwe na nyuzi zilizolegea.

Mshike kutoka nyuma. Kidole gumba na cha shahada vikae pande mbili za kichwa, chini ya taya, bila kukaba. Vidole vilivyobaki vimzunguke mgongoni. Kifua kiwe huru kabisa. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kupanua na kurudisha kifua, kwa hiyo mkono unaombana kifuani unamziba pumzi hata kama pua ziko wazi. Ndege pia hatoki jasho. Ukimwona amefungua mdomo anahema, mwachie, mrudishe tunduni, kazi iendelee kesho. Kushikwa kusizidi dakika chache.

Kukata

Msaidizi ameshika. Wewe likunjue bawa kwa kulishika penye kiungo, pale bawa linapopinda, kamwe usivute ncha za manyoya. Lielekeze kwenye mwanga wa dirisha na uliangalie kwa upande wa chini.

Hapo utaona makundi mawili ya manyoya marefu. Ya nje, kutoka kwenye kiungo hadi ncha, kwa kasuku ni kumi kila bawa. Hayo ndiyo yanayomsukuma mbele. Ya ndani, yaliyo karibu na mwili, ndiyo yanayomshikilia hewani anaposhuka. Ya ndani usiyaguse hata moja. Ukiyaacha mazima, ndege hushuka kwa mteremko akatua kwa miguu, ukiyakata, hudondoka.

Sasa tafuta unyoya mchanga, na hapa usiwe na haraka. Unyoya uliokomaa una shina jeupe au la kijivu, kavu, unaona mwanga ukipita ndani yake. Unyoya mchanga una shina nene kuliko wenzake, na sehemu ya chini ni ya zambarau iliyoiva au samawati ya kiza. Mara nyingi umefunikwa na ganda jeupe linalobanduka kama nta ukiligusa. Ile rangi ni damu. Ukiukata, damu hutoka kwa mrija ulio wazi. Unyoya huo uache, na uache na mmoja wa jirani yake aliyekomaa ili aukinge usivunjike. Ukikuta michanga mitatu au minne, funga bawa, subiri wiki kadhaa hadi ikomae.

Anza na unyoya wa nje kabisa na uje ndani, mmoja mmoja. Usikusanye manyoya mkononi ukakata kwa mkupuo kama mtu anayekata kitambaa, ndivyo vidole vya ndege na manyoya machanga vinavyopotea. Inua yale manyoya mafupi yanayofunika mashina, pitisha mkasi chini yake, ukate shina pale ambapo ncha ya manyoya mafupi itakifunika kisiki. Manyoya mafupi yenyewe yabaki mazima. Kisiki kilichofunikwa hakimchomi ubavuni, na ndege hana sababu ya kukitafuna.

Wapo wanaoacha manyoya mawili ya nje ili bawa likikunjwa lipendeze. Mimi sipendi njia hiyo. Yale mawili hubaki peke yake bila kinga, hunasa kwenye waya za tundu na kuvunjika, na mapya yakiota mahali pale huota yakiwa wazi, yakavunjika yangali na damu.

Idadi hutegemea uzito. Kasuku wa kijivu anza na matatu kila bawa, na matano ni mwisho. Kokateli anza na manne, usipite sita. Cherero na badgi, yule kasuku mdogo wa Australia, ni wepesi na wana nguvu ya ajabu. Anza na matano, na mara nyingi huishia sita au saba. Mabawa yote mawili yawe sawa. Kumkata kasuku bawa moja humfanya azunguke na kugonga kuta.

Kumjaribu

Tandika godoro au mazulia mawili. Mwache atulie kwanza, anywe maji. Kisha mweke kidoleni, mkono uwe usawa wa goti, uushushe polepole ili aruke mwenyewe. Usimrushe.

Unachotaka kuona ni ndege anayekwenda mbele akishuka kwa mteremko, akitua kwa miguu pima moja au mbili mbele yako. Akipaa juu ya kiuno chako, punguza unyoya mmoja kila bawa ujaribu tena. Akidondoka wima, umekwisha kuzidisha, na hakuna kurudisha: shusha fito zote za tundu ziwe karibu na chini, tandika kitambaa kinene chini ya tundu na pale anapochezea, na umkague kidari kila siku hadi manyoya mapya yatoke.

Damu ikitoka, chukua konflawa kwa pamba, bana kwenye kisiki kwa dakika mbili au tatu bila kuchungulia. Cherero ana damu karibu kijiko kimoja cha chai mwili mzima, kwa hiyo matone machache si jambo dogo. Usimpake tumbaku, majivu wala mafuta. Damu ikirudi baada ya kubana, mfunge kwenye kisanduku chenye giza na hewa, umpeleke kwa daktari mara moja.

Baada ya hapo

Ndege asiyeruka hunenepa. Mpunguzie alizeti, muongezee sukuma, mchicha, vipande vya papai na mahindi mabichi, na mpe kamba na ngazi za kupanda ili misuli ifanye kazi. Mkague mabawa kila wiki. Manyoya hayaoti kwa tangazo. Mawili matatu mapya kila upande yanatosha kumpaisha cherero hadi kwenye feni, na ndiyo maana amri ya feni haifutwi kwa sababu amekatwa. Manyoya yakisharudi, usichukue mkasi kwa mazoea. Tazama kama ile sababu ya kwanza bado ipo.

Mwisho niwaguse wafugaji wa ua. Kuku anayevuka ukuta kwenda kwa jirani hukatwa bawa moja tu, manyoya ya nje, ili akijaribu kuruka apoteze mizani; yeye haishi kwa kuruka, na bawa moja humtosha. Kagua unyoya mchanga vilevile. Njiwa mpya usimkate: mfungie kwenye nyumba yake wiki kadhaa, awe anaona paa na anga ya mtaa kupitia wavu, umlishe saa ile ile kila siku na mbinja ile ile. Akipata mwenza na yai, mfungulie jioni kabla ya kula.